Pa Kulaza Nyumba

Pale Likoni karani wa feri alituzunguka mara mbili,
akagonga ubavu wa gari kwa kalamu.
"Hili ni lori?" Si lori.
"Basi?" Tuko wawili tu.
"Sasa ni nini?"
Mkude, kwa fahari ya mtu aliyestaafu juzi,
akafungua mlango, akamwonyesha jiko, kitanda,
pazia nililolishona mwenyewe Morogoro.
"Hii ni nyumba."
Karani akaisoma karatasi yake juu mpaka chini.
"Nyumba hatuna bei yake."
Tukalipa kama lori.

Zamani lilikuwa gari la wagonjwa.
Miaka kumi na tisa nilipanda humo, muuguzi,
sikupata hata lepe la usingizi.
Nimelinunua mnadani ili nilale.

Mpaka ule wa Horohoro ulikuwa mhuri tu.
Kulala ndiyo kazi.

Changamwe, kwenye kituo cha mafuta,
mlinzi alisema hapa hulala matela,
nanyi mkijibana katikati yao
asubuhi nitawakwangua kwa koleo.
Akacheka. Hatukucheka.
Nyali, hoteli yenye lango la chuma
ilitaka bei ya chumba cha kuangalia bahari
ili tulale tukiangalia jenereta.
Na maji? Maji mbali.
Ufukweni askari alitumulika usoni:
mtu anaruhusiwa kuogelea, alisema,
anaruhusiwa hata kulia,
ila kufumba macho baada ya saa nne, hapana.
Shule moja ilitukaribisha vizuri sana
mpaka tulipoona tawi la mkwaju langoni
limeinama chini kuliko paa letu.

Utotoni tulitegana: nyumba yangu haina mlango.
Yai! tukajibu, mwenzetu hajamaliza.
Yangu ina mlango, ina madirisha matatu,
ina beseni, ina kufuli mbili,
haina uwanja.
Nani ataitegua saa tano na nusu usiku,
Mshomoroni, taa ya mafuta imewaka nyekundu
na mume wangu hasemi nami tangu Kongowea?

Aliitegua Bi Mwanakombo,
mwenye pale pa kuoshea magari,
kanga kifuani, ufunguo mkononi.
"Mwatafuta nini, mwapita hapa mara ya tatu?"
Pa kulaza nyumba, nikasema.
Hakucheka. Aliyatazama magurudumu.
"Yalala wima au ubavu?"
Kisha: "Ingizeni kinyumenyume.
Mwizi hapa hapana, ila mbu. Choo ni kile.
Stima, vuteni kwa waya ule, lakini msitie pasi,
mtaa mzima utazima."
Bei?
"Ya kuosha gari moja.
Usingizi mie sijui kuuhesabu."

Gizani Mkude alinigusa kisigino.
Ndivyo anavyoomba radhi.

Alfajiri mvua ikatuamsha.
Mvua kubwa, ya ubavu mmoja tu,
yenye povu, yenye mtu apigaye mluzi.
Nikavuta pazia: kijana, Chengo jina lake, na ndoo,
anaisugua nyumba na sisi tumo.
Aliponiona na gauni la kulalia
akainamisha kichwa, akahamia dirisha la pili.
"Mumelipia," akasema kupitia kioo.

Na chini ya povu, herufi nyekundu
nilizodhani rangi mpya imezimeza
zikaanza kutoka: GARI LA WAGO
Bi Mwanakombo akazisoma polepole.
Akanitazama mimi, si gari.
"Kumbe."

Hatukuondoka siku ile.
Kwanza lilikuja goti la jirani,
kisha sikio la mtoto, kisha presha ya shangazi fulani
aliyeapa hana presha.
Nilikaa mlangoni pa nyumba yangu, kwenye ngazi,
na uwanja ukajaa ndara.

Siku ya tatu, wahenga wasema, mgeni hupewa jembe.
Bi Mwanakombo alimpa Mkude sponji,
akamwonyesha lori la saruji.